Nguruwe Hawafiki Ukurasa wa Kwanza: Rufiji na Kibiti katika Magazeti ya Zamani

Asubuhi kwenye stendi ya Kibiti, mabasi ya Lindi na Mtwara yanaposimama kuchukua abiria, watu hukusanyika mbele ya meza ya magazeti na kusoma vichwa vya habari bila kununua. Mmoja husoma kwa sauti, wawili hubishana juu ya Simba na Yanga, mwingine huuliza kama bei ya korosho imetoka. Nakala moja huhudumia watu wengi kabla haijauzwa, na ikishauzwa husomwa ndani ya basi, huachwa mgahawani, mwisho hufungia karanga. Ndiyo maana sikubaliani na wanaopima uzito wa gazeti la zamani kwa idadi ya nakala zilizochapwa. *Mambo Leo*, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na idara ya elimu ya serikali ya Waingereza, nalo lilisomwa kwa mtindo huo. Mwalimu au karani alilisoma barazani, na waliosikiliza walikuwa wengi kuliko waliojua kusoma.

Ninachotaka kujua ni jinsi mambo ya wasikilizaji hao yalivyoingia gazetini. Wanahistoria kama Emma Hunter, Katrin Bromber na Maria Suriano wametuonyesha kwamba magazeti ya zamani ya Kiswahili ni hazina ya mawazo ya watu wa kawaida, na wamefanya kazi ya maana. Lakini ukiyasoma ukiwa na Rufiji kichwani, unagundua kwamba gazeti huonyesha wasiwasi wa yule aliyefunguliwa mlango, tena kwa umbo lile ambalo mlango huo unaruhusu. Kuna mlango wa ripoti fupi ya mji, mlango wa shairi, mlango wa barua ya siri, mlango wa swali kwa shehe. Kila mmoja unapitisha aina fulani ya shida na kuzuia nyingine. Kuna shida za delta ya Rufiji ambazo kwa zaidi ya miaka mia zimekuwa zikibisha hodi bila kuitikiwa.

Tutazame kwanza jambo lililoifikisha Rufiji kwenye kurasa za mbele za dunia. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajificha kwenye mikono ya mto Rufiji, katikati ya mikoko. Waingereza waliizingira kwa miezi, wakaleta ndege, wakaleta meli mbili za kupita maji mafupi, Severn na Mersey, hadi Julai 11, 1915 ilipoishia matopeni. Mizinga yake ilitolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja leo uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Magazeti ya Ulaya yaliifuata hadithi hii kwa hamu, na vitabu vinaendelea kuandikwa hadi leo. Msomaji wake angeweza kujua jina la nahodha, Max Looff, na ukubwa wa kila mzinga, asijue kabisa kwamba ndani ya mikoko ile kulikuwa na vijiji, mashamba ya mpunga, na wakata boriti waliokuwa wakiuza nguzo zao kwa majahazi ya Uarabuni tangu enzi na enzi. Vipande vya boila la meli vilipoharibika, vilikokotwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa. Waliokokota walikuwa Waafrika kwa mamia. Nani alilinda mpunga wao msimu ule? Hakuna gazeti lililouliza, wala lisingeuliza, kwa sababu lililetwa delta na meli na liliondoka na meli.

Miaka kumi kabla ya hapo, Rufiji ilikuwa imeandikwa kwa sababu nyingine. Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba ya shamba la amri, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji, alinyongwa na Wajerumani Agosti 4 mwaka huo huo huko Mohoro, mji uliokuwa makao ya serikali upande wa Rufiji. *Deutsch-Ostafrikanische Zeitung*, gazeti la walowezi lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899, lilikuwa na shida yake ya kudumu: vibarua wa mashambani wanapatikana wapi na kwa bei gani. Kwa jicho hilo, mkulima wa Rufiji aliyebaki shambani kwake ni hasara. Upande wa Kiswahili kulikuwa na *Kiongozi*, lililokuwa limeanza mwaka mmoja tu kabla, 1904, katika shule ya serikali Tanga. Lilikuwa gazeti la serikali, na mtu asitazamie kukuta humo malalamiko ya waliong'oa pamba.

Malalamiko hayo yalipitia kwingine. Abdul Karim bin Jamaliddini aliyatungia vita hivyo utenzi, kama Hemedi bin Abdallah el Buhriy alivyotunga kuhusu Wadachi kuitamalaki Mrima. Pwani ilikuwa na utenzi wa habari muda mrefu kabla ya kuwa na gazeti. Utenzi ulinakiliwa kwa hati za Kiarabu, ukaimbwa, ukakaririwa na wasiojua hati yoyote. Baadaye, mwaka 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kuwahoji wazee, na karibu wakati huohuo Gilbert Gwassa na John Iliffe wakachapisha sehemu ya kumbukumbu za vita. Wazee walisema mambo ambayo gazeti la mlowezi halikuwa na haja nayo: siku 28 za kazi ya lazima kwenye shamba la pamba, viboko vya akida, malipo ambayo ilikuwa dharau kuyapokea.

Hata hivyo kuna jambo ambalo limechelewa kupata msemaji katika njia zote hizo. Mwaka 1997 mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika juu ya nguruwe mwitu. Alikuwa akichambua Uzaramo, jirani wa kaskazini wa Rufiji, na hoja yake ni nyepesi kueleweka kwa yeyote aliyelima upande huu. Sheria za Wajerumani zilibana uwindaji, pamoja na ule wa nyavu ambao wanaume wa kijiji walikuwa wakiufanya kwa pamoja. Papo hapo wanaume wakachukuliwa kwenda kwenye pamba. Mashamba ya chakula yakabaki mikononi mwa wanawake na watoto, na nguruwe wakayala. Njaa ikaingia, na hasira ikawa na mizizi ndani ya nyumba kabla haijafika kwenye bunduki.

Nguruwe hawana nafasi katika gazeti la walowezi, hilo linafahamika. Lakini hawana nafasi katika utenzi pia. Utenzi wa vita unataka mashujaa, makabiliano, maiti, hukumu ya Mungu. Mama anayepiga debe usiku kucha kufukuza nguruwe kwenye muhogo hatoshelezi mizani hiyo. Hata wahoji wa 1968, kizazi cha uhuru, walikuwa na kiu ya kusikia habari za umoja na ushujaa, na walizipata. Siwalaumu. Kila umbo la kusimulia huja na swali lake, na anayeulizwa hujibu alichoulizwa. Kwa hiyo anayetaka kujua nini kiliwanyima watu usingizi hawezi kutegemea umbo moja, hata likiwa la kwetu wenyewe.

Turudi kwa *Kiongozi*, maana ndani yake kulikuwa na jambo dogo lenye thamani kubwa. Walimu, makarani na maakida kutoka miji mbalimbali walikuwa wakituma habari fupi fupi: mvua imenyesha au haijanyesha, chui ameingia mjini, fulani amehamishwa, bei imepanda. *Mambo Leo* liliendeleza desturi hiyo katika habari zake za miji. Ukizisoma haraka zinachosha. Ukizisoma moja baada ya nyingine, mwaka baada ya mwaka, unaanza kuona nchi: mahali ambapo mnyama ameuawa, mahali ambapo chakula kimepungua. Mlango huu ndio nguruwe angeweza kupitia. Tatizo ni kwamba ulikuwa wa herufi za Kilatini. Watu wengi wa Mohoro au Mbwera waliojua kusoma walijifunza chuoni, kwa herufi za Kiarabu, na kwa gazeti la serikali walihesabiwa kuwa hawajui kusoma. Aliyeandika ni kijana wa shule, mara nyingi mgeni aliyepangiwa kituo, na macho yake yaliangalia boma kabla ya kuangalia bonde.

Mlango wa pili wa *Mambo Leo* ulikuwa shairi, na hapo nina upendeleo ambao siuonei haya. Sijui tamaduni nyingi za magazeti ambazo ziliwaachia wasomaji wao wabishane kwa mizani na vina kwa miaka mingi hivyo. Suriano amefuatilia mabishano ya miaka ya 1940 na 1950 juu ya dansi, mavazi, adabu na ustaarabu. Mtu akitunga dhidi ya dansi, mwingine humjibu kwa mizani ileile, na wa tatu huingia kuamua. Shaaban Robert, Saadan Kandoro, Mathias Mnyampala na Amri Abedi walikulia katika uwanja huo, na Abedi mwaka 1954 akachapisha sheria za utunzi wenyewe. Fumbo liliwapa ujasiri: unaweza kumsema mkubwa, au mwenzio mnayekutana naye sokoni, bila kumtaja jina na bila kuvunja heshima.

Linganisha na kilichokuwa kikitokea New York. Januari 1906, Abraham Cahan, mhariri wa *Forverts*, gazeti la Kiyidishi la wahamiaji Wayahudi, alianza kuchapa barua za wasomaji chini ya jina *A Bintel Brief*. Ziliandikwa kwa nathari, bila majina, na mhariri alizijibu. Mume amekimbia, mtoto anawaonea haya wazazi wake, msichana anasumbuliwa na msimamizi kiwandani, mtu hajui kama amwoe asiye wa dini yake. Gazeti hilo lilifika hatua ya kuchapa picha za waume waliotoroka familia zao, ili wasomaji wasaidie kuwatafuta. Fikiria jambo hilo likifanywa Utete. Mwanamke wa Rufiji ambaye mumewe alikwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua asirudi alikuwa na uchungu uleule wa mwanamke wa New York, lakini kwetu mambo ya ndani yana stara yake. Kama uchungu wake uliingia *Mambo Leo*, uliingia umevaa shairi juu ya ndoa na wajibu, na huenda mtunzi alikuwa mwanamume.

Kwa kumjua mtu mmoja na nyumba yake, barua za *Forverts* zinashinda. Zina mshahara, kodi ya chumba, idadi ya watoto. Kwa kujua jinsi watu wanavyofikiri pamoja, namna hoja inavyotupwa, kudakwa na kurudishwa, mashairi ya *Mambo Leo* yanashinda kwa mbali, kwa sababu kule New York neno la mwisho ni la mhariri, na huku ni la msomaji mwenzako. Nasema hivyo nikijua bei yake: shairi linabeba hukumu vizuri lakini linaangusha tarakimu. Mshairi atakuambia zama zimeharibika, asikuambie pishi la mpunga lilikuwa senti ngapi.

Katikati ya hizo mbili kuna desturi ya tatu, iliyo karibu zaidi na pwani yetu. Rashid Rida alianzisha *Al-Manar* mjini Cairo mwaka 1898, na safu yake ya fatwa ilipokea maswali kutoka pande nyingi za ulimwengu wa Kiislamu. Mombasa, Shehe Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa msomaji wa fikra hizo, alianza *Sahifa* mwaka 1930 na baadaye *Al-Islah*. Aliandika juu ya elimu, kuiga mitindo ya Wazungu, na Waislamu wa pwani kubaki nyuma. Hapa aliyesema ni mwenye elimu, na wasiwasi wa watu unausoma kwa kinyume: anachokikemea ndicho kilichokuwa kikitendeka. Makala zake zilikusanywa katika kitabu, *Uwongozi*. Dar es Salaam, Erica Fiah, Mganda mwenye duka, alitoa *Kwetu* kuanzia 1937 na kuandika bila kuzunguka juu ya mishahara na haki za Mwafrika mjini. Yote hayo ni ya mjini. Delta ilibaki upande wa pili wa matope.

Baada ya uhuru Rufiji ilirudi kwenye habari kwa maji. Mafuriko ya 1968 yalifuatwa na Operesheni Rufiji, na watu wa bondeni wakahamishiwa vijiji vya juu. Ilikuwa miongoni mwa operesheni za kwanza kubwa za kuhamisha watu, miaka kadhaa kabla ya zile za nchi nzima. Kwa serikali na magazeti ya wakati ule mafuriko yalikuwa maafa, na kweli nyumba zilikwenda na chakula kilikwenda. Lakini mkulima wa bonde ana hesabu ya pili. Maji yakipwa, huacha udongo mpya, na juu ya udongo huo hupandwa mlau: mahindi, maboga, kunde, mazao yanayokua kwa unyevu uliobaki ardhini bila kungoja mvua. Mwaka ambao mto haukutoka kingo zake ni mwaka wa mashaka kwa mtu huyo. Hakuna gazeti lililowahi kuandika kwa herufi kubwa kwamba mwaka huu hakukuwa na mafuriko Rufiji. Kwa jinsi gazeti lilivyoundwa, jambo ambalo halikutokea si habari. Aprili 2024, maji yalipofunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, mjadala ulihusu Bwawa la Julius Nyerere, kama limezidisha mafuriko au limeyapunguza kama serikali ilivyosema. Ni mjadala wa haki kabisa. Swali la mlau, yaani bonde litakuwaje mto ukishafungwa na kufunguliwa kwa ratiba ya umeme, lilipata nafasi ndogo mno.

Nguruwe walirudi pia, safari hii nyuma ya simba. Kati ya 2002 na 2004, Kibiti ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji, simba mmoja alisadikiwa kuua watu zaidi ya 30 katika vijiji kadhaa. Wakampa jina la Osama. Alipouawa, Aprili 2004, alikutwa na jipu chini ya gego lililopasuka, na magazeti ya dunia yakapata hadithi yao: simba mla watu alikuwa anaumwa jino. Mwaka uliofuata Craig Packer na wenzake, akiwemo Mtanzania Dennis Ikanda, walichapisha katika *Nature* kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini na kujeruhi 308. Walionyesha pia kwamba mashambulizi yalikwenda pamoja na wingi wa nguruwe mwitu. Simba huwafuata nguruwe, nguruwe hufuata mazao, na mkulima hulala shambani kwenye dungu ili mazao yasiliwe. Mtu huuawa akilinda mpunga. Miaka mia moja tangu Nandete, mnyama ni yuleyule na kazi ya usiku ni ileile. Kwangu hiki ndicho kisa kinachoeleza zaidi kuliko vyote kuhusu magazeti na Rufiji: jino la simba lilizunguka dunia, na dungu likabaki shambani.

Sitaki nionekane kama naona kosa tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ilipotaka kugeuza maelfu ya hekta za delta kuwa mabwawa ya kamba, waandishi wa habari za mazingira waliingia kwenye mikoko, mawakili wa mazingira wa LEAT wakasimama na wanavijiji mahakamani, na mradi haukujengwa. Barabara ya kusini nayo iliandikwa bila kuchoka: pantoni ya Ndundu hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, kisha kile kipande cha kilomita 60 cha Ndundu hadi Somanga ambacho kila masika kilimeza mabasi. Aliyesafiri kusini miaka hiyo anajua kwamba magazeti yalisema ukweli wake.

Ndipo yakaja mauaji ya Kibiti. Kati ya 2015 na 2017, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, makada wa chama tawala na polisi waliuawa mmoja mmoja, wengi usiku, majumbani mwao. Aprili 13, 2017, polisi wanane waliuawa kwa mara moja. Aliyekuwa akiandika kutoka hapo hapo alikuwa Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa *Mwananchi*, mkazi wa Kibiti. Kwa maoni yangu alikuwa mrithi wa moja kwa moja wa wale walioandika habari za miji, ila yeye aliandika maafa ya majirani zake. Novemba 21, 2017, alitoweka. Julai 2019, Palamagamba Kabudi, wakati huo waziri wa mambo ya nje, aliiambia BBC kwamba alitoweka na kufa, kisha akasema maneno yake yameeleweka vibaya. Familia haijapewa jibu.

Barua za *Forverts* zilikusanywa zikatolewa kitabu kwa Kiingereza mwaka 1971. Makala za Shehe Al-Amin zina *Uwongozi*. Washairi wa *Mambo Leo* wana diwani zao. Waandishi wa habari za miji hawana kitabu chochote, na kazi yao imetawanyika kwenye majalada ambayo karatasi zake zinavunjika ukizifunua, mengine yakiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mkusanyiko wa East Africana. Kitabu cha Rufiji kinaweza kuanza na hizo: kila mstari uliotaja Mohoro, Utete, Salale, Nyamisati, Mbwera, tangu *Kiongozi* hadi ripoti za Gwanda, yote ipangwe kwa miaka yake. Kisha nakala zipelekwe kwenye sekondari za Kibiti na Utete, na wanafunzi wakae na wazee wanaojua mlau na dungu. Wazee waulizwe, kwa kila mwaka ulioandikwa, ni nini kilichokuwa kikiwakesheza mwaka huo, na majibu yao yachapwe pembeni ya habari yenyewe, kwa herufi za ukubwa uleule.